Mtumiaji asibebe kichwani kile ambacho skrini inaweza kukionyesha

Nikipewa programu niikague, sianzi na rangi wala mpangilio wa vitufe. Nafuatilia jambo moja: mtu anapotoka skrini hii kwenda ile, analazimika kuondoka na nini kichwani? Matatizo mengi ya violesura, yaani skrini na vitufe anavyovitumia mtu, ninayokutana nayo yamejificha hapo katikati, mahali ambapo hakuna mbunifu aliyechora chochote.

Kumbukumbu ya muda mfupi ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1959, wanasaikolojia Lloyd Peterson na Margaret Peterson wa Marekani waliwasomea watu konsonanti tatu tu, kisha wakawataka papo hapo waanze kuhesabu kinyumenyume kwa kuruka tatu tatu. Baada ya sekunde 18, mara nyingi herufi hizo hazikukumbukwa tena. Herufi tatu! Ile kazi ya kuhesabu iliwanyima nafasi ya kuzirudiarudia moyoni. Kwenye simu, vitu vya kukatiza namna hiyo haviishi: arifa inaingia, ukurasa unachelewa kufunguka, mtu pembeni anauliza swali.

Chukua msimbo wa uthibitisho wa tarakimu 6. Mtu anatoka kwenye programu, anafungua ujumbe, anausoma msimbo, anarudi. Akikuta ukurasa umejipakia upya, inabidi aanze tena. Mahali pengine msimbo unajazwa kwenye visanduku sita vilivyotengana, na ukijaribu kubandika, tarakimu ya kwanza tu ndiyo inayoingia. Dawa yake inajulikana. Acha kisanduku kimoja kinachokubali kubandikwa, ruhusu simu iuchukue msimbo kutoka kwenye ujumbe na kuupendekeza juu ya kibodi, na ujumbe wenyewe uanze na msimbo ili msimbo uonekane hata kwenye arifa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya.

Hapa ndipo watu hunitajia namba saba. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala mashuhuri kuhusu saba, kuzidi au kupungua mbili, na tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba menyu isizidi vipengele saba. Nalipinga hilo kila ninapopata nafasi. Miller alizungumzia vitu ambavyo mtu anavishika akilini baada ya kuondolewa mbele yake. Menyu ipo pale pale, inasomeka, hakuna anayetakiwa kuikariri. Ukiikata kwa nguvu hadi saba, mara nyingi unazaa menyu ndogo ndani ya menyu, na hapo ndipo mtu anapoanza kukumbuka kilichofichwa wapi.

Hata hiyo saba yenyewe ni kubwa mno. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika mapitio yake ya tafiti ya mwaka 2001, alikadiria kwamba akili hushika mafungu kama manne. Neno la kushika hapo ni mafungu: 19141945 ni tarakimu 8, lakini kwa anayejua historia ya vita kuu vya dunia ni mafungu mawili tu. Ndiyo maana namba ndefu ya akaunti iandikwe kwa vikundi, na kisanduku kisikatae nafasi zilizoachwa kati ya tarakimu.

Upande wa pili, uwezo wetu wa kutambua kitu tulichokwisha kukiona ni mkubwa ajabu. Mwanasaikolojia Lionel Standing alionyesha hilo mwaka 1973 kwa picha 10,000: watu walipoletewa picha ya zamani pamoja na mpya, walichagua ile ya zamani kwa usahihi uliozidi asilimia 80. Kwa sababu hiyo menyu na aikoni, zilizoingia sokoni na kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981, ziliwafungulia mlango watu ambao wasingeweza kukariri amri za kuandika.

Kosa ninalolikuta karibu kila wiki ni lebo iliyowekwa ndani ya kisanduku cha fomu kwa maandishi hafifu. Inasema, kwa mfano, «siku/mwezi/mwaka». Ukigusa na kuandika tarakimu ya kwanza, maelezo yanatoweka. Umeandika 04, sasa hiyo ni siku au mwezi? Inabidi ufute ulichoandika ili ulione swali. Lebo ikae juu ya kisanduku, na ibaki hapo. Nafasi inayookolewa kwa kuiondoa ni mstari mmoja tu.

Kuna pia usahaulifu wa mwishoni. Mtu akishapata alichokifuata, hatua iliyobaki hupotea akilini. Mashine za kutolea pesa zinazotoa noti kwanza huwafanya watu waache kadi ndani. Zinazorudisha kadi kwanza huliondoa tatizo hilo kwa kubadili mpangilio tu. Kwenye programu, angalia lile «hifadhi» linalongoja baada ya kazi kuonekana imekwisha. Acha programu ihifadhi yenyewe.

WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, uliotolewa Oktoba 2023, umeweka suala hili katika masharti: kuingia kwenye akaunti kusitegemee jaribio la kumbukumbu bila njia mbadala, na kuruhusu kubandika nywila au kutumia programu ya kutunza nywila kunatosha kutimiza sharti hilo. Hata hivyo bado naletewa fomu zinazozuia kubandika kwa hoja ya usalama. Kizuizi hicho humsukuma mtu kuchagua nywila fupi anayoweza kuikumbuka, kisha akaitumia hiyo hiyo kila mahali.