Kuku wa uani Nairobi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bila jogoo kuku hawatagi." Wanataga vizuri tu. Kazi ya jogoo ni kurutubisha yai ili litotolewe. Kama unatafuta mayai ya kula, mwache sokoni; kwenye ploti ambako majirani wanasikiana hadi kikohozi, kuwika saa kumi alfajiri kutakuharibia ujirani mapema.

"Mjini hairuhusiwi." Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hiyo kufuga kwenyewe si hatia, ingawa kuna masharti. Aliyepanga amwone mwenye nyumba kabla ya kuwaza kanjo, yaani askari wa kaunti.

"Nairobi ina baridi, banda lizibwe kote." Hapa ndipo wengi hupoteza kuku. Julai ikifika watu hupigilia nailoni na magunia kila upande hadi banda halipumui. Kinyesi kinatoa mvuke, maranda yanalowa, amonia inajaa. Ukiinama ndani asubuhi macho yanawasha, na kuku amelala humo usiku kucha. Akianza kukoroma na kutoa kamasi, lawama zote kwa baridi. Kuku mkubwa ana manyoya yake. Baridi kavu anaimudu. Asichokimudu ni unyevu, na upepo unaompiga moja kwa moja. Ziba nusu ya chini ya ukuta, nusu ya juu iwe wavu, na paa litokeze ili mvua isiingie. Vifaranga ni habari nyingine: wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35.

"Banda zuri ni ghali." Palleti, mabati yaliyotumika na mabanzi ya soko la Gikomba yanatosha banda la futi tano kwa tano, la kuku kumi, lenye viota viwili na vijiti vya kulalia. Usibane pesa kwenye wavu. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke. Panya na nguchiro haumzuii yeyote. Chini weka wa matundu ya nusu inchi, uufukie kidogo ardhini.

"Kiini cha njano sana kina nguvu zaidi." Rangi hutoka kwenye chakula. Wape majani ya sukuma wiki uone.

"Kienyeji haugui, na akiugua kuna pilipili na shubiri." Kideri (Newcastle) ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa. Kuku akishaharisha kijani na kupinda shingo, hakuna cha kumnywesha, na banda zima laweza kwisha kwa siku chache, kienyeji na wa gredi pamoja. Kinga ni chanjo, irudiwe kila miezi mitatu. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, huitengeneza hapa hapa nchini, na agroveti wanaiuza. Wafugaji wadogo huikwepa kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku walio nao. Basi changeni na majirani wanaofuga, mchanje siku moja. Ibebwe kwenye barafu. Ile ya kunywesha isichanganywe na maji yaliyotoka mferejini sasa hivi, maana klorini huiua. Tumia ya mvua, au ya mfereji yaliyolala kwenye ndoo wazi. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, ili wote wanywe kwa pamoja. Kitakachobaki baada ya saa mbili hakirudi kwenye friji.