Handaki la raia halikujengwa kuzuia bomu lenyewe

Hapa Malindi, mji uliodondoshewa mabomu na ndege za Italia Oktoba 1940, bado utasikia barazani kwamba handaki la kujikinga na mabomu enzi za Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa ngome: ukishaingia, hata bomu likuangukie juu, hufi. Sivyo. Mahandaki mengi ya raia yasingestahimili bomu lililotua juu yake moja kwa moja. Lakini wengi waliuawa na vipande vya chuma vilivyoruka, mshindo wa hewa na kuta zilizoporomoka. Hayo ndiyo handaki liliyoyazuia.

Tazama lile lililoitwa Anderson, handaki la kuchimbiwa bustanini nyumbani huko Uingereza: mabati mazito ya migongo yaliyopindwa na kukazwa kwa bolti, yakafukiwa mita 1.2 hivi, juu yakamwagiwa udongo wa sentimita 38. Watu 6 walibanana humo. Mvua ikinyesha lilijaa maji, na baridi yake ilikuwa kali. Lakini udongo ule, ambao kwa maoni yangu haujapewa heshima yake, ulimeza vipande. Bomu likitua kwa jirani, mara nyingi waliomo walitoka wazima.

Wala kina peke yake hakikutosha. Oktoba 1940 bomu lilipasua barabara juu ya stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Balham, London, likaua makumi ya waliojificha chini.