Kuhariri Mafaili ya Sera za Usalama: Dhana Potofu na Ukweli

Faili la sera za usalama, mfano /etc/sudoers kwenye Linux (linaloamua nani aruhusiwe kutumia amri ya sudo kuendesha kazi za msimamizi), halina saa ya mapumziko. Wewe ukiwa unaliandika, kuna programu inalisoma ili iamue nani apite na nani azuiwe. Matokeo yakianza kutegemea nani katangulia, hapo pana mbio, na mshindi wa mbio hizo hajulikani mapema.

Dhana: kuhifadhi faili ni tendo moja

Hii ndiyo iliyozaa nyingine nyingi. Ukiandika juu ya faili lililopo, kwa kawaida kwanza hukatwa hadi baiti sifuri, kisha maandishi mapya humiminwa kipande baada ya kipande. Anayesoma katikati hukuta faili tupu au sheria nusu, na sheria nusu yaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na sheria. Katika sudoers kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo ukikatika mkia wenye makatazo, zinabaki ruhusa pekee zilizoandikwa juu yake.

Badala yake, andika faili la muda pembeni, lipe mmiliki na ruhusa zake, lihakiki, lishushe diskini kwa fsync (mwito unaolazimisha data ifike diskini), ndipo ulipe jina la lile la zamani kwa rename, mwito wa kubadilisha jina. POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, inadai ubadilishaji huo ufanyike kwa pigo moja: msomaji anapata la zamani zima au jipya zima.

Faili hilo la muda likae saraka ileile. Wengi huliandaa /tmp, saraka ya mafaili ya muda, na hapo ndipo wanaponaswa: /tmp ikiwa mfumo mwingine wa mafaili, rename hukataa, na amri ya mv hugeuka kimyakimya kuwa kunakili na kufuta. Pigo moja limekwisha kupotea. Kwenye SELinux, mfumo wa usalama unaolipa kila faili lebo, faili huja pia na lebo ya lilikozaliwa, mpaka amri ya restorecon iirekebishe.

Na fsync si pambo. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, walikuta mafaili ya baiti sifuri baada ya mashine kuzimika ghafla, kwa kuwa jina lilibadilishwa kabla data haijafika diskini. Keneli (kiini cha Linux) toleo 2.6.30 iliongezewa kinga, lakini huwezi kuitegemea kwenye kila mfumo wa mafaili.

Dhana: nimeweka kufuli, hakuna atakayegusa

Kufuli za mafaili kwenye Linux, ziwekwazo kwa miito ya flock na fcntl, ni za hiari. Humzuia anayeuliza tu. visudo, amri ya kuhariri sudoers, hufunga, hukagua sintaksia, kisha hubadilisha faili. Skripti yako ya sed -i, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, haiulizi chochote.

Ajabu ni kwamba sed -i yenyewe huandika faili la muda na kutumia rename, hivyo wasomaji wako salama. Walio hatarini ni waandishi wenzake: wawili wanasoma toleo lilelile, kila mmoja anaongeza mstari wake, na wa mwisho kuhifadhi anaufuta wa mwenzake bila hata ujumbe wa kosa. rename peke yake haitibu hilo. Kazi nzima ya kusoma, kubadilisha na kuandika iwe ndani ya kufuli moja ambayo waandishi wote wanaiheshimu. Kufuli hiyo iwe kwenye faili tofauti. Ukifunga faili lenyewe, anayesubiri foleni akifunguliwa atajikuta ameshika faili la zamani lisilo na jina tena.

Dhana: nilikagua kabla ya kufungua, na upenyo ni mdogo mno

Ukaguzi ulikuwa wa njia ya faili, na njia yaweza kuelekezwa kwingine kati ya kukagua na kufungua. Kiungo laini kimoja kinatosha. Fungua kwanza kwa O_NOFOLLOW (alama inayokataa kufuata kiungo laini), kisha ukague kwa fstat, mwito unaosoma taarifa za faili lililofunguliwa, kile ulichokwisha kukishika. Faili la muda lizaliwe kwa O_EXCL (alama inayokataa ikiwa jina hilo lipo tayari), au kwa mkstemp, kitendaji cha kuunda faili la muda, likiwa na ruhusa finyu tangu mwanzo. Usilifungulie wote halafu ukakimbilia chmod, amri ya kubadilisha ruhusa.

Kukagua mara nyingi je? Watafiti Dean na Hu walipendekeza hivyo mwaka 2004. Mwaka uliofuata Borisov na wenzake wakaivunja njia hiyo kwa misururu mirefu ya saraka iliyoifanya keneli ijikokote diskini, mshambuliaji akapata muda wa kutosha. Tena yeye hana haraka, anarudia jaribio mpaka bahati imwangukie. Dirty COW, dosari ya usalama ya Linux iliyotangazwa 2016 kama CVE-2016-5195, ilikuwa mbio za aina hiyo ndani ya keneli tangu 2007, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuitumia kuandika ndani ya /etc/passwd, orodha ya akaunti za watumiaji.

Dhana: sera mpya hushika kila mahali papo hapo

AppArmor, mfumo unaozibana programu kwa faili la kanuni liitwalo wasifu, haiugusi mchakato ulioanza kabla wasifu wake haujapakiwa. Lazima uanzishwe upya. Skripti inayoita iptables, amri ya kanuni za ukuta wa mtandao (firewall), mstari kwa mstari huacha ukuta nusu kwa muda, ilhali nft -f, ya mrithi wake nftables, hupokea faili zima au hulikataa zima. Na ndani ya /etc/sudoers.d, saraka ya vipande vya ziada vya sudoers, sudo huliruka bila kulisoma faili ambalo jina lake lina nukta au linaishia na ~, kusudi isisome mabaki ya vihariri. Ndiyo maana mstari uliowekwa humo ndani ya faili lenye jina kama kanuni.conf haufanyi kazi kamwe.