Glezi si rangi ya kupakwa

Wengi huamini kwamba bakuli la udongo linalong'aa limepakwa rangi tu, na kwamba mfinyanzi huchagua kijani au nyekundu kama fundi achaguavyo kopo la rangi dukani. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana brashi hutumika kweli.

Lakini ile ngozi ing'aayo, glezi, ni kioo. Unga wa silika (madini yaliyo kwenye mchanga), udongo na madini ya kusaidia kuyeyusha huchanganywa na maji na kupakwa, kisha huyeyukia chomboni tanurini, mara nyingi kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,300 za Selsiasi. Rangi huzaliwa humo. Shaba ileile ndani ya glezi hutoa kijani hewa ikiwa tele tanurini, na nyekundu ya damu oksijeni ikibanwa. Ndiyo maana mfinyanzi makini huchoma kwanza vigae vya majaribio, uvumilivu ninaouheshimu sana.

Pindua bakuli utazame kitako: mara nyingi kuna duara la udongo mtupu, kwa kuwa glezi iliyoyeyuka ingegandisha chombo kwenye rafu ya tanuri. Kisha laza kipande cha limau juu ya glezi usiku kucha. Rangi ikififia, usiwekee chakula. Isipofifia, bado si uthibitisho kwamba haina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hayo hupimwa maabara.