Leseni ya rubani hufuata usajili wa ndege
Wapo wanaoamini kwamba leseni ya rubani binafsi, kwa kuwa hutolewa kwa viwango vya kimataifa, humruhusu mwenye nayo kurusha ndege yoyote katika nchi yoyote. Sivyo. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, kinataka leseni iwe imetolewa au kuthibitishwa na nchi iliyosajili ndege; ndiyo maana rubani wa Kenya anaweza kuingia Tanzania na ndege yenye alama za 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya, mradi ana vibali vya safari, lakini akitaka kukodi ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, mjini Arusha, atahitaji kwanza uthibitisho wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Marekani, ambayo kwa hili si wagumu sana, humpa mgeni cheti kinachotegemea leseni ya nchi yake, wala hakitumiki pasipo leseni hiyo.