Ketamini na sonona: soma kabla hujaja kuiulizia dirishani

Mama mmoja alifika kwenye dirisha letu la dawa hivi karibuni, akanigeuzia simu nisome. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kichupa cha ketamini, dawa ya nusukaputi, yaani ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. "Daktari, hii mnayo?" Tunayo. Alikuwa anamtafutia mwanawe mwenye sonona, maana amesikia kuwa Marekani watu wanadungwa leo na kesho wamepona. Maswali ya namna hii yamezidi, na majibu yanayotolewa mitaani yanatia hofu, kwa hiyo kitengo chetu kimeona kiyajibu kwa maandishi.

Alichosikia kina msingi. Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, akiwemo Carlos Zarate, walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Walipewa ketamini kidogo kwa dripu, na kesho yake asilimia 71 walikuwa na nafuu kubwa. Kwa ugonjwa ambao dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, hilo si dogo. Kinachoachwa kusimuliwa ni kwamba nafuu hiyo ilifika wiki nzima kwa asilimia 35 tu.

Sasa tukitazame kichupa chenyewe. Cha mililita 10, chenye miligramu 50 katika kila mililita, kina miligramu 500. Mtu wa kilo 60 anayetibiwa sonona hupewa takriban miligramu 30, zikipita polepole kwa dakika 40. Hiyo ni mililita 0.6. Mililita 2 zikisukumwa kwenye mshipa kwa mkupuo, mtu huyo huyo yuko nusukaputi. Kwa hiyo tafadhali, msituombe tuwauzie "kidogo tu cha kujaribu". Haiuzwi dirishani, na anayekuuzia kwa kificho hatakaa kando yako kuangalia unavyopumua.

Utaratibu ulivyo Marekani unaonyesha uzito wa jambo. Esketamini, ndugu yake ketamini inayopulizwa puani, iliidhinishwa huko mwaka 2019 kwa sonona sugu. Mgonjwa haendi nayo nyumbani. Kwanza anasajiliwa. Siku ya dozi hali chakula kwa saa mbili kabla. Anapimwa presha, anajipulizia mbele ya mhudumu, anapimwa tena baada ya dakika kama 40, kisha anabaki chini ya uangalizi kwa saa mbili au zaidi. Haendeshi gari mpaka kesho yake, akishalala usingizi wa kutosha. Hufanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, halafu mara moja kwa wiki kwa wiki nne nyingine, na baadaye kila wiki au kila wiki mbili. Sababu ni kwamba presha hupanda, kichefuchefu huja, na wengine hujiona kama wametoka nje ya mwili wao. Aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo hapewi kabisa. Wanaoitumia ovyo kwa muda mrefu huharibu kibofu, wakafikia kukojoa damu.

Mwigizaji Matthew Perry alikuwa akitibiwa kwa ketamini kliniki. Iliyomuua Oktoba 2023 haikuwa ya kliniki: kiwango kilichokutwa mwilini mwake kilikuwa cha mtu aliye kwenye nusukaputi.

Wapo pia wanaosema, "Dada yuko London, atanitumia." Dada huyo mnamtafutia jela. Uingereza imeiweka ketamini daraja B la dawa za kulevya tangu 2014: kukutwa nayo bila kibali ni hadi miaka 5, kuisambaza ni hadi miaka 14.

Na si "dawa ya farasi", nimechoka kulisikia hilo. Madaktari wa mifugo wanaitumia, kweli, lakini imo kwenye orodha ya dawa muhimu za WHO tangu 1985. Kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, wala haihitaji mashine ya gesi. Umeme ukikatika usiku na mama anasubiri upasuaji wa uzazi, kichupa hicho ndicho tegemeo la wilaya nyingi. Ndiyo sababu wataalamu wa WHO walikataa pendekezo la kuiweka chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya, na ndiyo sababu tunahesabu kila kichupa.

Mtu akikuambia anataka kujiua, usimwache peke yake wala usisubiri kliniki. Mlete hospitali usiku huo huo.

Yule mama nilimuuliza mwanawe ametumia dawa gani. Fluoksetini, moja ya dawa za kawaida za sonona. Kwa siku ngapi? Tisa, akaacha kwa kuwa "haikufanya kitu". Sonona huitwa sugu pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na muda kamili wa wiki kadhaa, zinapokuwa zimeshindwa. Siku tisa hazijafika hata nusu ya dawa ya kwanza. Nikampangia Jumanne, aje naye kliniki ya afya ya akili.