Je, wajua kwa nini noti nne zile zile zinaweza kuitwa C6 au Am7?

Bonyeza C, E, G na A kwa pamoja kwenye kinanda. Mmoja ataandika C6, mwingine Am7, na wote wawili wamezisikia noti sawasawa. Ubishi wao unatokana na jina lenyewe. Jina la kodi (si ile ya serikali, bali noti kadhaa zinazolia pamoja) haliorodheshi tu noti zilizomo. Linachagua moja kuwa mzizi, yaani ile ambayo wenzake wamesimama juu yake, na hapo hapo linadokeza kodi inaelekea wapi.

Kuutafuta mzizi, kusanya noti zote zinazolia, ondoa zinazojirudia, kisha zipange kwa kuruka herufi moja moja: C, ruka D, E, ruka F, G. Ukikuta E chini, G katikati na C juu, mpangilio huo unakurudisha kwenye C-E-G, basi mzizi ni C. Mwaka 1722 Jean-Philippe Rameau wa Ufaransa alichapisha kitabu cha harmonia akishikilia jambo hilo: kodi iliyopinduliwa ni kodi ile ile. Baadaye F-A-C-D ikamtatiza. Jibu lake lilikuwa kwamba ina matumizi mawili: ikienda C mzizi ni F, ikienda G mzizi ni D.

C-E-G-A ina tabia hiyo hiyo. Kanuni ya kuruka herufi inatoa A-C-E-G, yaani Am7, na wanaoanza huishia hapo. Angalia kwanza besi, yaani noti ya chini kabisa, inapiga nini, kisha kodi inayofuata. Wimbo ukifunga kwa G7 halafu besi ikatua C, hiyo ni C6: A imeongeza rangi tu, na haidaiwi kwenda popote. Lakini besi ikipiga A, kisha zikafuata Dm, G7 na C, hiyo ni Am7. Fuatilia ile G iliyomo ndani yake: inashuka hadi F ya Dm, kama saba yoyote (noti ya saba ukihesabu kutoka mzizi) inavyoshuka.

Kodi ya dim7 (kifupi cha diminished seventh) ni kichwa ngumu zaidi. B-D-F-A♭ zimeachana kwa nusu toni (umbali wa kitufe kimoja hadi cha jirani, cheusi au cheupe) tatu tatu, na kwa kuwa oktava ina nusu toni 12, noti nne zinaigawa sawasawa. Hakuna pengo lililo tofauti la kukuonyesha mzizi, kwa hiyo kila noti inaweza kuudai. Kinanda kizima kina mafungu matatu tu ya namna hii. Inapokwenda ndipo panaposema: ikienda C, B inapanda nusu toni na A♭ inashuka hadi G, basi andika Bdim7. Ikienda Am, kitufe kile kile cha A♭ sasa kinapanda hadi A, basi kiandike G♯ na kodi uiite G♯dim7. Ukiandika A♭ hapo, msomaji atatarajia noti ishuke.

Kuna na C yenye G kwenye besi, inayokuja mara tu kabla ya G7 na C ya kufungia. Kwa mpiga gitaa, C/G inatosha kabisa. Kwenye uchambuzi wa namba za Kirumi walimu hugawanyika, wengine huiita I (kodi ya noti ya kwanza ya skeli, hapa C), wengine V (kodi ya noti ya tano, hapa G). Mimi niko na wa V, maana besi imekwisha kufika G, na zile E na C zinachelewa tu kushuka hadi D na B.

Kosa linalojaza karatasi majina ya ajabu ni kuipa kila noti hadhi ya kodi. Melodia ikipita D kati ya C na E huku kodi ya C ikiendelea, usiandike Cadd9 (C iliyoongezewa D). Iondoe hiyo D kichwani. Kama mwendo wa harmonia haujabadilika, ni noti ya kupita.

Rudi sasa kwenye zile noti nne, tuseme gitaa linazipiga bila kubadilisha kidole. Mpiga besi akiweka F chini yake, mnasikika Fmaj9. Akishuka hadi D, imekuwa D9sus4.